Wadau wa Dirisha la Buzebazeba

Jumapili, 8 Novemba 2015

Nimefungua blogu. Nimeiita Dirisha la Buzebazeba, jina la mtaa wetu hapa Kigoma, kwa sababu majina yote mazuri niliyoyajaribu yalikuwa yameshachukuliwa na watu wa Dar.

Mzee Hamdani, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi ninakofanya kazi pale Ujiji, amenikubalia nitumie kompyuta wateja wakiwa hawapo. "Ila usiniandikie siasa humo, Elida," alisema. "Uchaguzi umepita, tupumue." Nikamwambia nitaandika mapishi na mambo ya mtaani. Daftari hili litabaki kwa yale yasiyofaa kwenda huko.

Posti ya kwanza ni namna ya kukaanga mgebuka, samaki wa ziwa letu, bila kumvunja. Wasomaji watatu. Wawili kati yao ni mimi.

Jumatano, 11 Novemba

Mvua. Wasomaji tisa.

Jumamosi, 21 Novemba

Sasa nina watu! Posti ya nne, ile ya shamba la maharage la Shangazi kule Kidahwe na ugomvi wake na kuku wa jirani, imesomwa na watu mia na themanini. Wengine wameacha maoni. Yupo Mama Pacha wa Tabora, ambaye kila siku ana swali. Yupo Mha wa Mwanza, anayenisahihisha Kiha changu. Na yupo anayejiita Jirani wa Ziwani.

Huyu Jirani ndiye mdau wangu nambari moja. Anasema kwao ni Kigoma ila riziki imempeleka mbali. Amenielekeza namna ya kukuza picha na kupanga posti kwa miezi. Jana aliandika: "Dada Elida, unaandika kama mtu anayeongea jikoni. Usiache." Nimeyasoma maneno hayo mara nne.

Nina miaka ishirini na tisa. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na Shangazi Veneranda, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu darasa la pili. Nikiongea ananijibu, "Enhe," bila kuinua macho kwenye mchele anaochagua. Si vibaya kusikilizwa na watu mia na themanini.

Alhamisi, 3 Desemba

Leo nimejua siri, na lazima niiweke mahali.

Chumba chetu cha uani kina mpangaji tangu Agosti. Mwanamke mtu mzima, anaitwa Godeliva, tuliambiwa ni Mha wa Manyovu, mjane. Mguu wa kushoto unachechemea kidogo. Kutwa yupo barazani anadarizi vitambaa vya meza: maua, ndege, ng'ombe wenye pembe ndefu kupita kiasi. Hapokei wageni.

Asubuhi nilijimwagia uji wa moto mkononi. Akaja mbio kwa ule mguu wake, akanimwagia maji ya baridi muda mrefu, kisha akafunga kitambaa safi, mzunguko kwa mzunguko, kwa mkono mwepesi sana. Na alikuwa akihesabu mizunguko chini chini kwa Kifaransa.

"Mama," nikamwambia, "watu wa Manyovu hawahesabu kwa Kifaransa."

Akafunga fundo la mwisho. Halafu akasema, "Nilikuwa muuguzi Bujumbura miaka kumi na tisa." Alivuka mpaka mwezi wa tano, wenzake wakaenda kambini, yeye akapita pembeni. "Kambini kila mtu anaona kila mtu," alisema. "Usimwambie shangazi yako, mwana wanje, mwanangu. Atanifukuza."

Siwezi kumwambia. Shangazi hapitishi siku bila kuwalaumu wakimbizi: kuni zimeadimika kwa ajili yao, kipindupindu kililetwa na wao. Akijua, ataenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo.

Jumatatu, 14 Desemba

Nimeposti habari za Mama Godeliva. Sikuweka jina wala uso. Nilimwita Mama wa Vitambaa. Nilipiga picha mikono yake na kitambaa chenye ng'ombe, nikaandika kwamba ametoka mbali, kwamba mikono ile zamani ilifunga vidonda na sasa inadarizi. Nilimwomba ruhusa. Alisema, "Mikono tu?" Nikasema mikono tu. Akasema haya.

Wasomaji mia sita kwa siku moja. Mama Pacha anasema amelia.

Alhamisi, 17 Desemba

Posti imechukuliwa na blogu mbili kubwa. Mia tisa na arobaini.

Jirani wa Ziwani ameuliza kwenye maoni: "Huyu mama, akitembea, hachechemei kweli? Mguu wa kushoto?" Nilicheka hadi Mzee Hamdani akageuka. Watu wa mtandaoni wana macho! Nilimjibu: "Umejuaje? Ndiyo, kidogo. Labda ni kukaa chini kutwa."

Akajibu, "Mungu ambariki. Nilijua tu."

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Baada ya misa tumekula wali na kuku, na Shangazi, bila kuambiwa na mtu, akampelekea Mama Godeliva sahani iliyojaa na paja juu. Kisha akarudi kulalamikia bei ya mafuta.

Jirani ametuma zawadi bora kuliko zote: anataka vitambaa ishirini, vyote vyenye ng'ombe. Mwezi wa kwanza atakuja nyumbani Kigoma na atavichukua dukani kwa mkono wake. Nilipompa Mama Godeliva habari alinishika uso kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona akicheka meno nje.

Jumanne, 5 Januari 2016

Mto Luiche umefurika. Wateja hakuna. Mama Godeliva amemaliza kumi na tatu.

Jumatano, 13 Januari

Nitaandika yote.

Leo nilimshawishi Mama Godeliva aje dukani. Nilitaka aone mwenyewe watu wanavyomsifu. Alijifunika khanga hadi kwenye paji la uso, akakaa karibu nami, nikawa namsogezea maoni moja moja. Anasoma Kiswahili taratibu, kidole juu ya kioo. Kwa Mama Pacha alitabasamu. Kwa Mha wa Mwanza alisema, "Huyu ana roho nzuri."

Kidole kikafika kwa Jirani, kikasimama.

"Elida," akasema. "Uliandika wapi kuhusu mguu wangu?"

"Sikuandika, Mama. Alikisia mwenyewe."

"Mguu wa kushoto. Alikisia kushoto."

Hapo tu ndipo nilipoelewa. Mwezi mzima nilikuwa nimelibeba swali lile kama mzaha, na sasa lilikuwa pale kwenye kioo, na chini yake jibu langu: Ndiyo.

Mama Godeliva hakupiga kelele. Aliuliza, "Anajua ni mtaa gani?" Sikuhitaji kumjibu. Jina la mtaa limeandikwa juu ya kila ukurasa kwa herufi kubwa, nimelichagulia na rangi.

Tukarudi nyumbani kwenye mvua. Mlango wa chumba chake ukiwa umefungwa, alinieleza. Mwaka jana, mwezi wa nne na wa tano, zahanati yao ilipokea vijana waliojeruhiwa barabarani. Mara tatu walikuja watu wenye silaha, wakawatoa wagonjwa vitandani. Hawakurudishwa. Yeye alikuwa anaandika: jina, tarehe, kidonda, nguo aliyovaa, nani aliyekuja kumchukua. Majina thelathini na manne. Mtu mmoja wa wale waliokuja alikuwa mpole kuliko wote, anaongea Kiswahili safi, anawasalimia wauguzi kwa majina. Siku aliposikia kuna daftari alimngoja getini. Mama Godeliva aliruka ukuta wa nyuma, ndipo mguu ulipoharibika.

"Sijui kama ni yeye au ni mtu wake," alisema. "Lakini mguu huu wanaujua wao tu."

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Aliniinua. Alisema, "Ulitaka watu wanione. Si kosa la mtoto." Ingekuwa afadhali anipige.

Alhamisi, 14 Januari

Nimeifuta posti. Zile blogu mbili bado zinayo. Nimewaandikia, hawajibu.

Sikuwa na budi kumwambia Shangazi. Nilijiandaa kwa matusi. Nilipofika kwenye neno "Mrundi" akaweka ungo chini.

"Unadhani sikujua?" alisema. "Mimi ni Mha, Elida. Mrundi akitamka neno moja tu namjua. Tangu siku ya kwanza nilijua. Nilikuwa namsubiri aniambie mwenyewe."

"Lakini kila siku unawasema..."

"Nawasema, ndiyo. Kuni zimeadimika kweli. Hayo na kumtoa mtu nje ni mambo mawili." Akaniangalia. "Mimi ulinificha, dunia nzima ukaionyesha."

Nikaokota ungo, nikamrudishia.

Jumamosi, 16 Januari

Shangazi ameondoka naye asubuhi kwenda Kidahwe, kwenye kile kibanda cha shambani. Walivaa kama wanaokwenda kuvuna: majembe, magunia, mabuti. Mama Godeliva ameniachia lile daftari la majina. "Nikikutwa nalo, nimekufa bure," alisema. Ni daftari la kawaida la shule lenye jalada la bluu. Nimelificha dukani, chini ya boksi la karatasi zilizoharibika.

Jumanne, 19 Januari

Nimeposti uongo wangu wa kwanza. Nimeandika kwamba Mama wa Vitambaa ametuaga, jana amepanda treni kwenda Dar kwa binti yake, na wadau wamwombee safari njema. Mama Pacha ameandika amina. Jirani hajaandika kitu.

Jumatano, 20 Januari

Amekuja.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua imekatika kidogo. Mzee Hamdani alikuwa nyuma anatengeneza mashine. Akaingia mwanamume wa makamo, shati jeupe limenyooshwa vizuri. Ujiji nzima ni tope, na viatu vyake vilikuwa safi. Akamwamkia Mzee shikamoo kwa adabu, akanipa cheti nimtolee kopi mbili. Nilikuwa nimempa mgongo, mashine inanguruma, aliposema:

"Nilijaribu yule mgebuka wako. Alivunjika."

Niligeuka. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Mimi ni Jirani," alisema. "Nimefuata vitambaa vyangu."

"Mama ameondoka. Nimeandika."

"Nimesoma. Kwa treni ya juzi."

"Ndiyo."

"Dada Elida, treni ya juzi haikuondoka. Maji yamekata reli huko mbele. Nimepita stesheni leo, abiria wamekaa juu ya mizigo yao." Alisema hivyo bila hasira, kama anayemsahihisha mtoto hesabu. "Hujui kusema uongo. Ndiyo maana wadau tunakupenda."

Nilisema labda alipanda basi. Akasema, "Labda." Alizikunja kopi zake kwa uangalifu, akaziweka mfukoni. Mlangoni akageuka.

"Msalimie Shangazi Veneranda. Maharage ya Kidahwe yanaendeleaje na mvua hii? Na wale kuku wa jirani?"

Posti ya nne. Niliiandika mimi mwenyewe, nikafurahi ilivyosomwa.

Alipopotea kona ya pili niliingia chooni na simu, nikampigia Shangazi. Sikujua nani ananisikia, nikasema tu, "Shangazi, kuna mgeni hapa anaulizia maharage yako."

Nikasikia mvua ikipiga bati upande wake.

"Basi tunavuna leo," akasema, akakata.

Alhamisi, 21 Januari

Simu ya Shangazi haipatikani.

Ijumaa, 22 Januari

Haipatikani. Mvua. Nimemwona mwanamume mwenye shati jeupe mara tatu leo, na mara zote alikuwa mtu mwingine.

Jumamosi, 23 Januari

Shangazi amerudi! Amekonda kwa siku tatu, tope hadi magotini, simu iliingia maji. Nilimkumbatia, akasema, "Ngoja nivue mabuti kwanza."

Walikata mashamba kwa miguu, wakatokea barabara kuu mbele ya kijiji, lori la mihogo likawapeleka hadi Kasulu. Siku ya pili Shangazi alimfikisha kambini na kumkabidhi kwa wale wanaoshughulikia watu walio hatarini. Mama Godeliva aliwaeleza kila kitu, jina lake halisi na zahanati. Wamemweka mahali pa peke yake. Atahamishwa mahali ambapo sisi hatutaambiwa. "Ndivyo ilivyo salama," Shangazi alisema. "Hata kwaheri alinipa ya haraka."

Alikuwa na ujumbe kwangu. Mama Godeliva alimfanya aukariri njiani: "Mwambie Elida ayatoe majina yote, kwenye dirisha lake. Wananitafuta kwa sababu ni mimi peke yangu ninayejua. Yakijulikana na wote, hata wakiniua hawataziba kitu. Na mama zao wako mahali wanasubiri."

Kisha akaniuliza yeye mwenyewe, "Utaweza?"

Nikasema sijui. Ndio ukweli.

Jumapili, 24 Januari

Tulitoka misani tukakuta mlango wa uani umevunjwa. Godoro la Mama Godeliva limepasuliwa mstari mmoja mnyoofu, mchele umemwagwa, vitabu vyangu vimefunguliwa kimoja kimoja. Hawakuiba kitu. Redio ipo, baiskeli ipo. Vitambaa kumi na tatu vya ng'ombe vilikuwa vimekunjwa vizuri juu ya kitanda changu. Mama Godeliva hakuvikunja hivyo.

Shangazi alifagia mchele wote. Baadaye akasema, "Wametafuta daftari. Basi daftari lina nguvu kuliko wao."

Daftari hili ninaloandika lilikuwa kwenye mkoba wangu kanisani. Kuanzia leo halitoki kwenye mkoba.

Jumatatu, 25 Januari

Mzee Hamdani alifunga mlango wa duka mara tu nilipoingia. "Yule bwana alirudi Jumamosi ulipotoka," alisema. "Aliniuliza kwa upole kama nina wajukuu. Mwanangu, nina umri. Siwezi kukuacha uendelee hapa."

Nilisema naelewa, Mzee. Nililia, lakini nilielewa. Nikaenda kwenye boksi la karatasi zilizoharibika, nikainua. Daftari halikuwepo.

"Liko huku," akasema. Alilitoa kwenye droo ya meza yake, pamoja na bahasha tatu nene. "Nililikuta wiki iliyopita. Nimelitolea kopi tatu, kurasa zote. Usiniulize kwa nini. Moja ipeleke posta leo hii kwa yule rafiki yako wa Tabora."

Mtu niliyemdhani mwoga alikaa na daftari lile mbele ya yule bwana, na droo haina hata kufuli.

Jumanne, 2 Februari

Ninachapa nyumbani kwa simu, herufi moja moja. Nilimwambia Mama Pacha ukweli wote, nikamwambia ana haki ya kukataa. Aliponipigia nilisikia watoto wake wakigombana nyuma. Jina lake halisi ni Happiness, anauza mitumba. Alisema, "Dada, nimesoma kuhusu maharage, sitasoma kuhusu hawa watu?" Bahasha imemfikia. Anachapa kumi na saba za mwisho, mimi kumi na saba za mwanzo. Mha wa Mwanza ataweka nakala kwenye blogu yake saa ile ile. Naye ana jina, Alphonce, mwalimu mstaafu.

Namba kumi na moja: kijana wa miaka kumi na minane, amevaa shati la mistari ya kijani na kijivu, kidonda cha paja, aliomba maji mara mbili. Nilichapa hapo nikashindwa kuendelea hadi jioni.

Jumatano ya Majivu, 10 Februari

Saa tatu asubuhi, baada ya kupakwa majivu, nimebonyeza. Majina thelathini na manne. Dakika hiyo hiyo Tabora, dakika hiyo hiyo Mwanza.

Saa nzima hakukuwa na kitu. Shangazi alikuwa amekaa kando yangu kwenye mkeka, msalaba wa majivu bado upo kwenye paji lake, anauliza kila baada ya muda, "Wamesema nini?"

Kisha wakaanza. Mwanamke aliye Uganda: namba nne ni mumewe, anaomba kujua kama aliteseka muda mrefu. Mtu aliye kambini: namba ishirini na saba ni mdogo wake, walimwambia alivuka salama. Msichana ambaye hakusema yuko wapi: "Shati la mistari ya kijani na kijivu, mimi ndiye niliyelishona. Je, mfuko wake ulikuwa upande wa kulia?" Nilimsomea Shangazi yote kwa sauti. Kila jina alisema, "Apumzike," kwa Kiha, taratibu.

Saa saba kasoro ikaingia moja nyingine.

Jirani wa Ziwani: "Nimesoma yote, Dada Elida. Kazi nzuri sana, bado unaandika kama mtu anayeongea jikoni. Ila umesahau jina moja."

Shangazi aliona nimeacha kusoma. "Huyo amesemaje?"

"Amesema nimesahau jina moja."

"Jina la nani?"

"Hakusema."

Akanitazama, na nilijua amelielewa kabla yangu, kama alivyoelewa mengine yote. Alinyanyuka akiwa ameshika kiuno, akafunga mlango, akatia komeo, ingawa ilikuwa mchana na jua limetoka kwa mara ya kwanza wiki hii. Kisha akarudi akakaa mahali pale pale, akanisogelea hadi bega lake likagusa langu.

"Yule binti wa shati," akasema. "Hujamjibu."

Nikafungua daftari la bluu, nikatafuta namba kumi na moja, niangalie mfuko ulikuwa upande gani.